Pembe Moja, Vichwa Vingi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wafasiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, nawasalimu nyote.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie istilahi za Kiswahili katika fani mbalimbali. Kwa mada hiyo tungekesha hapa na bado tungekuwa kwenye herufi ya kwanza. Nikaomba nipunguziwe hadi neno moja, nikakubaliwa. Neno lenyewe ni pembe.

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifanya nilitazame neno hili upya. Zamani nilifundisha hesabu. Siku moja nilichora ubaoni pembe mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi 60, mistari yake mifupi kama kidole. Ya pili ilikuwa ya nyuzi 40, ila mistari yake niliivuta hadi karibu na ukingo wa ubao. Nikauliza: ipi kubwa? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: ya pili! Nikachukua kipimapembe, nikapima mbele yao, nikawaonyesha. Kimya. Kisha binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Mwalimu, lakini hiyo pembe ni ndefu."

Nilimcheka. Najuta mpaka leo, kwa sababu yule mtoto alikuwa anakijua Kiswahili chake vizuri. Pembe aliyoijua yeye iko kichwani mwa ng'ombe, na hiyo hupimwa kwa urefu. Ng'ombe mwenye pembe kubwa ni mwenye pembe ndefu, basi. Mimi nilikuja na chaki yangu, nikalichukua neno lile lile, nikabadilisha kinachopimwa, wala sikumwambia. Walimu wa hesabu wa lugha nyingi wanalijua kosa hili: mwanafunzi hudhani ukirefusha mistari umeikuza pembe. Kwa hiyo si kosa la Kiswahili. Ila kwetu neno lenyewe linamsukuma mtoto aingie shimoni, na mwalimu amesimama pembeni anacheka.

Sasa, mwanahesabu alichukua nini kwenye kichwa cha ng'ombe, kama hakuchukua urefu? Sikilizeni sifa anazozitumia. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 anaiita pembe kali. Iliyozidi 90 lakini haijafika 180 ni pembe butu. Kali na butu! Hayo ni maneno ya kisu, ya mkuki, ya sindano. Ni maneno ya ncha. Mwanahesabu hakujali pembe ina urefu gani; aliitazama pale inapoishia, pale inapochoma, akauliza ni kali kiasi gani. Laiti ningemwambia yule binti sentensi hiyo moja: hapa tunapima ncha, mwanangu, hatupimi urefu. Angeelewa kabla sijatoa kipimapembe mfukoni.

Tangu siku hiyo nina desturi moja. Nikikutana na neno linalotumika katika fani mbili, siendi kwanza kwenye fasili yake. Nauliza: hawa wanalipima kwa nini? Na hapo mambo hufunguka.

Chukueni mfanyabiashara wa karne ya 19. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, ukisema pembe bila kuongeza neno, umesema pembe za ndovu. Tippu Tip alipoyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, pembe ilikuwa mali, na mali ile ilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Urefu haukuwa na kazi, ncha haikuwa na kazi. Uzito tu. Wafanyabiashara walikuwa hata na majina ya kutenga kubwa na ndogo: buri ndiyo ile kubwa ya kuvimbisha bei, kalasha ndiyo ndogo. Pembe zilipakiwa Zanzibar, nyingine zikafika Deep River na Ivoryton, miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Marekani, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kuvalishia vibonyezo vya piano. Jina la Ivoryton lenyewe ni "mji wa pembe". Na zilipoanza kuadimika, katika miaka ya 1860 kampuni moja ya Marekani iliyouza mipira ya biliadi ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt alihangaika na jambo hilo, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa. Baadaye filamu za sinema zilitengenezwa kwa seluloidi hiyo hiyo. Lakini msiniache niende huko, sitarudi.

Mwanabiolojia naye ana ugomvi na sisi sote. Anasema tumeviweka chini ya neno moja vitu visivyo na undugu. Pembe ya ng'ombe ina mfupa ndani na gamba gumu nje. Gamba hilo ni keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zenu. Pembe ya kifaru haina mfupa, ni keratini tupu. Ya twiga ni mfupa uliovikwa ngozi na manyoya. Wale wanyama wa nchi za baridi ambao wafasiri huwaita kulungu kwa kukosa jina jingine, pembe zao ni mfupa, na zinaanguka na kuota upya kila mwaka. Za konokono ni nyama laini, na zile mbili ndefu zina macho kwenye ncha. Na ya ndovu? Ya ndovu si pembe hata kidogo. Ni jino. Limetoka kwenye taya la juu, likakosa adabu, likatoka nje ya mdomo.

Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Fungueni magazeti ya Kenya, mtasoma kwamba mtu amekamatwa na pembe za ndovu. Fungueni ya Tanzania, mtu amekamatwa na meno ya tembo. Mnyama ni yule yule, kosa ni lile lile, na mshtakiwa huenda alivuka mpaka siku hiyo hiyo. Kwa biolojia, Mtanzania ameshinda. Kwa historia, Mkenya ameshikilia neno la misafara. Halafu kesi ikifika mahakamani Tanzania, pembe hupotea na meno hupotea. Hati ya mashtaka inasema nyara za serikali. Wakili hajali kama kitu kile kilitoka kichwani au mdomoni. Anachopima yeye ni nani mwenye mali na ulikuwa na kibali gani. Fani tatu, majina matatu, na ndovu mmoja ambaye hayupo tena.

Nisisahau kipusa. Kwenye kamusi kipusa ni pembe ya kifaru. Mtaani kipusa ni msichana mrembo. Kwa nini hivyo, kila mmoja ajijibu mwenyewe kimyakimya, tuendelee.

Kuna kundi jingine la maana, ambalo nadhani ndilo tunalolitumia zaidi bila kulisikia. Nyumba ina pembe nne. Dunia nayo tunaipa pembe nne, ingawa tunajua fika ni ya mviringo. Kutoka hapo tumepata pembeni, neno ambalo halina tena pembe yoyote ndani yake: kaa pembeni, weka gari pembeni, nilimvuta pembeni nikamweleza. Na pembezoni, ambalo limehamia kwenye siasa na uchumi, likawa la watu na maeneo ambayo barabara na umeme vinafika mwisho. Hapa pembe haipimwi kabisa. Swali lililobaki ni uko umbali gani na katikati.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili mna bahati ya kuziona maana hizi mbili katika kitabu kimoja. Kwenye Luka kuna pembe ya wokovu, na pembe hiyo ni nguvu, ile ya fahali anayejitetea. Kwenye Zaburi kuna jiwe walilolikataa waashi, likawa jiwe kuu la pembeni, na pembe hiyo ni kona ya jengo. Hakuna msomaji aliyewahi kuzichanganya. Fahali hakai na waashi.

Lakini mahali pengine pembe ilichanganywa, na kosa likabaki kwenye jiwe. Kwa Kiebrania, kitenzi kinachoeleza uso wa Musa aliposhuka mlimani kimetokana na neno la pembe, na wengi hukielewa kuwa ni kutoa miale ya nuru. Jerome alipotafsiri kwenda Kilatini, aliandika kwamba uso ule ulikuwa na pembe. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Michelangelo akachonga Musa wa marumaru, na hadi sasa yupo Roma katika kanisa la San Pietro in Vincoli, ameketi na pembe mbili kichwani. Wafasiri wa Kiswahili waliandika tu kwamba ngozi ya uso wake iling'aa. Wafasiri wenzangu, siku mkilaumiwa kwa kosa la neno moja, mkumbukeni Jerome. Lenu halijachongwa bado.

Sasa nataka niwaonyeshe pembe zilizojificha, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilikosa usingizi. Honi ya gari: hilo ni neno la Kiingereza la pembe, kwa sababu kabla ya vyuma watu walipuliza pembe za wanyama, kama sisi na baragumu. Kona: limetoka Kiingereza, nacho kililipata kupitia Kifaransa cha zamani kutoka neno la Kilatini la pembe. Karne: Kiarabu, *qarn*, ambalo ni karne na pia ni pembe, ndiyo maana Dhulqarnaini anayetajwa katika sura ya 18 ya Kurani hufasiriwa kuwa mwenye pembe mbili. Karati ya dhahabu na almasi: imepita kwenye Kiarabu ikitokea Kigiriki, na kwa Wagiriki ilikuwa "pembe ndogo", jina la ganda la mti wa mkarobu lililopinda, ambalo mbegu zake zilitumika kwenye mizani. Kwa hiyo dereva anayepiga honi akikata kona, katika karne hii, na pete ya karati 18 kidoleni, ametaja pembe mara nne na ng'ombe hayupo.

Kona imejipatia maisha yake, tena bila ugomvi na pembe. Barabarani hukatwa. Uwanjani hupigwa, na watangazaji wetu husema imechongwa, kama vile wanajua asili yake. Wapigapicha na waandishi wa habari nao wameleta engo: engo ya habari ni ipi, piga kwa engo hii. Kuna wanaokasirika wakisikia engo. Mimi sikasiriki. Pembe, kona na engo zimegawana kazi vizuri kuliko ofisi nyingi nilizowahi kufanya kazi: daftari la hesabu kwa pembe, barabara na mpira kwa kona, mtazamo kwa engo. Ukimwambia mpigapicha "ibadilishe pembe" atakuelewa, ila atakuangalia mara mbili.

Wanajiografia wana Pembe ya Afrika: Somalia, Ethiopia, Eritrea na Djibouti. Hao walichukua umbo lote, jinsi nchi kavu inavyochomoza baharini. Na kwenye pembe hiyo kuna Ras Hafun, sehemu ya bara la Afrika iliyo mashariki kuliko zote. Ras kwa Kiarabu ni kichwa. Kila mnyama mwenye pembe anazo kichwani. Afrika peke yake ina kichwa kwenye pembe.

Je, ni sisi tu tulioipa hesabu neno la kichwani mwa mnyama? Hapana. Wachina wana herufi moja inayosomwa *jiao*, ambayo ni pembe ya mnyama, ni kona, ni pembe ya jiometri, na pia ni jina la sehemu ya kumi ya fedha yao, yuani. Pembetatu kwao ni "umbo la pembe tatu", neno kwa neno kama letu, na hakuna aliyemwigiza mwenzake. Wagiriki walikwenda kwingine. Neno lao la pembe, lile lililomo ndani ya trigonometria, ni ndugu wa neno lao la goti. La Kilatini, lililozaa engo, lina mzizi mmoja na neno la Kiingereza la kifundo cha mguu. Hao walitazama mguu unapokunjika. Sisi na Wachina tukatazama kichwa. Waarabu walitazama nyumba. *Zawiya* kwao ni kona, na ni pembe ya jiometri, na ni mahali pa kujitenga kwa ibada. Sisi tunalijua zaidi kwa maana ya mwisho: zawia ni pale watu wa tarika wanapokutana kwa dhikiri. Hesabu ya darasani imebaki mikononi mwa pembe.

Na pembe ya hesabu haikubaki darasani. Mkemia anaitumia kwenye maji. Chembe ya maji ina oksijeni katikati na haidrojeni mbili pande zake, na kati ya mikono hiyo miwili kuna pembe ya nyuzi takriban 104.5. Ni pembe butu, kwa lugha ya yule ng'ombe wetu. Ingekuwa nyuzi 180, mikono imenyooka, chembe ile isingekuwa na upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya. Maji yasingeshikana kama yanavyoshikana, yasingeyeyusha chumvi kama yanavyoiyeyusha. Mkemia naye hachukui urefu, uzito wala ncha. Anachukua uwazi ulio kati ya vitu viwili, na kwake vitu vyenyewe havionekani hata kwa macho.

Nimewahi kukaa kwenye vikao ambako watu wenye nia njema walitaka kila fani iwe na neno lake, lisilotumika popote pengine, ili pasiwe na utata. Hofu yao naielewa, na yule binti wa dirishani ni shahidi wao. Lakini tazameni sarufi inavyotufanyia kazi bila malipo. Andika *pembe tatu*, maneno mawili, nami nitauliza: za nini? Andika *pembetatu*, neno moja, nami nitaona umbo. Pembetatu hii ina pembe tatu. Sentensi hiyo ingekuwa upuuzi kama nafasi moja tu kati ya maneno isingekuwa na kazi. Tazameni ngeli. Za mnyama watu husema pembe na pia mapembe, na mtu aliyejaa jeuri ameota mapembe. Hakuna mwalimu wa hesabu aliyewahi kusema mapembe ya mraba. Neno linajua limeingia kwa nani.

Kinachokosekana mara nyingi si neno jipya. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mgeni wa fani: hapa kwetu neno hili tunalipima hivi. Vitabu vyetu vya darasani vinatoa fasili ya pembe kwa mstari mmoja, kisha vinakimbilia mazoezi kumi. Ningependa kuona mistari miwili zaidi na mazoezi tisa.

Muda wangu umekwisha, naona Mwenyekiti anaitazama saa. Nina ombi moja, na ni la kalamu na karatasi. Andikeni herufi A kubwa. Herufi hii ilitoka kwa Wafinisia, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni, walioiita *alefu*, yaani ng'ombe, na michoro iliyoitangulia ilikuwa kichwa cha ng'ombe. Ilivyopita mikono mingi ikazunguka hadi ikasimama kichwa chini. Sasa igeuzeni karatasi juu chini. Mnaona uso uliochongoka, na pembe mbili zimeelekea juu. Vuteni mistari ile miwili hadi ukingoni mwa karatasi, kama nilivyofanya mimi ubaoni. Pembe itabaki ile ile, na pembe zitakuwa ndefu.

Ahsanteni.